Kuongeza kasi ya laptopu: Faida ni ndogo, hasara yaweza kuwa mtaji wote

Na Mwandishi Wetu, Gitega

KWA mtu anayevuka mpaka kutoka Kabanga, wilayani Ngara, kuingia Kobero upande wa Burundi, laptopu si pambo. Kwa mfanyabiashara ni bidhaa yenye thamani kubwa inayoenea ndani ya begi moja la mgongoni. Kwa kijana anayerejea nyumbani kutoka kambi za Nduta na Nyarugusu mkoani Kigoma, huenda ndicho kitu pekee cha thamani alichorudi nacho, na ndicho anachokitegemea kimpatie mlo: kuhariri video za harusi, kuchapa barua za watu, kuingiza nyimbo kwenye simu, au kuwachezesha gemu watoto wa mtaani kwa faranga chache.

Ndiyo maana suala la kuongeza kasi ya mashine hizo si la mchezo. Mafundi huliita ovakloki, yaani kuiamuru kadi ya picha iliyomo ndani ya kompyuta ifanye kazi haraka kuliko ilivyopangiwa kiwandani. Hununui kifaa chochote. Unaingiza programu ya bure, unasogeza alama mbili tatu kwenye kioo, na mashine ile ile ya jana inakwenda mbio zaidi leo. Nani asiyependa cha bure?

Niseme mapema kwamba naandika haya nikiwa nimekwisha kuungua.

Mwaka 2016, nikiwa Muyinga, nilikuwa na laptopu ya mtumba yenye kadi ya picha ya kujitegemea. Nilikuwa nimepewa kazi ya kuhariri video ya harusi, na familia ilitaka kuiona Jumamosi. Rafiki yangu akanionyesha programu ya kuongeza kasi. Badala ya kupanda ngazi moja moja, nikaruka ngazi zote: nikaongeza megahezi 150 kwa mpigo. Kwa saa nzima mambo yalikuwa mazuri kiasi kwamba nilijiona fundi. Kisha vikatokea vijisanduku vya kijani kwenye kioo, mistari ikafuata, halafu giza. Nikawasha, nikazima, nikawasha tena. Feni ilizunguka lakini kioo hakikusema neno.

Kesho yake nikapanda gari kwenda Gitega kupitia Karuzi, mashine nimeipakata kama mtoto mgonjwa. Fundi aliifungua, akaitazama, akanionyesha blanketi la vumbi lililoziba njia ya hewa.

"Mdogo wangu, hukuiua peke yako," akasema. "Vumbi limekusaidia."

Kadi ilikuwa imekufa. Bahati yangu ni kwamba diski ni kiungo kingine kabisa. Aliichomoa, akaitia kwenye kasha la kuunganishia, na video ya harusi ikapatikana nzima. Familia iliipata siku tatu baadaye, kwa maneno ambayo sitayaandika hapa. Laptopu niliiuza kama vipuri. Mtaji wa mwaka mzima ulikwisha kwa tamaa ya dakika kumi.

Joto linatoka wapi?

Ili msomaji aamue mwenyewe, ni vizuri ajue kinachotokea ndani. Chipu ya kadi ya picha hufanya kazi kwa mapigo, kama mtu anayetwanga. Megahezi moja ni mapigo milioni moja kwa sekunde. Kadi ya NVIDIA GeForce 8600M GT, iliyotoka mwaka 2007, ilipangiwa megahezi 475. Kadi za laptopu za siku hizi hupita 2,000 bila kuongezewa chochote.

Kiwanda hakipangi kasi kwa kukisia. Chipu hazifanani hata zikitoka kwenye bamba moja. Moja huvumilia zaidi, nyingine kidogo. Mtengenezaji huweka kiwango ambacho hata ile dhaifu itakifikia, katika chumba chenye joto, kwa miaka kadhaa. Kwa hiyo nyingi hubaki na akiba. Anayeongeza kasi anakula akiba hiyo.

Tatizo ni gharama yake. Umeme unaoliwa na chipu hupanda sambamba na kasi. Lakini kasi ikipanda sana, chipu hudai na volti zaidi ili isikosee hesabu, na volti hazihesabiwi mara moja, huzidishwa zenyewe kwa zenyewe. Ukiongeza kasi kwa asilimia 10 na volti kwa asilimia 10, umeme unaoliwa, na joto linalotoka, havipandi kwa asilimia 10 wala 20. Hupanda kwa asilimia 33 hivi. Hiyo ni theluthi nzima ya joto la ziada kwa ajili ya sehemu moja ya kumi ya kasi.

Kompyuta ya mezani ina nafasi ya kulibeba joto hilo, kwa kuwa ina kasha kubwa na feni pana. Laptopu ina feni nyembamba na bomba la shaba ambalo mara nyingi linahudumia kadi ya picha na prosesa kwa pamoja. Mmoja akichemka, na mwenzake anachemka. Ni sawa na lori la tani 10 kulipakia tani 12 na kulipandisha mlima. Huenda likafika, lakini si kila siku.

Watu husema Gitega na Muyinga ni kwa baridi, mashine haziwezi kuumia kama Dar es Salaam. Kuna ukweli ndani yake, lakini nusu. Chumba chenye nyuzi joto 20 badala ya 32 huipa chipu nafuu inayokaribia tofauti hiyo hiyo. Lakini Gitega iko mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari, na hewa ya huko ni nyepesi kuliko ya pwani kwa karibu asilimia 14. Hewa nyepesi hubeba joto kidogo, hivyo sehemu ya nafuu ile inaliwa na mwinuko.

Watengenezaji wenyewe walivutana

Mwanzoni mwa mwaka 2015, watumiaji wa laptopu zenye kadi za NVIDIA za mfululizo wa GTX 900M waligundua kwamba draiva mpya zimewafungia mlango wa kuongeza kasi. Mwezi Februari kampuni hiyo ilieleza kwamba mlango huo ulikuwa umeachwa wazi kwa makosa, na kwamba laptopu hazikuundwa kwa ajili ya kazi hiyo. Wateja walikuja juu, kwani wengi walikuwa wamenunua mashine za bei kubwa wakitegemea uwezo huo. Kabla mwezi haujaisha kampuni ikarudi nyuma na kuahidi kuurejesha katika draiva ya mwezi uliofuata.

Somo kwetu si nani alishinda. Somo ni kwamba hata aliyeiunda chipu alisita kuibebesha laptopu mzigo wa ziada.

Alikuwa na sababu ya kuliogopa joto. Julai 2008, kampuni hiyo hiyo ilitangaza kutenga kati ya dola milioni 150 na 200 za Marekani kwa ajili ya matengenezo ya chipu za laptopu zilizokuwa zikiharibika, kutokana na udhaifu wa malighafi iliyotumika kuifunga chipu kwenye kibao chake. Kila mashine ilipopata moto na kupoa, viunganishi vidogo vya risasi vilikuwa vikipanuka na kusinyaa hadi vikapasuka. Oktoba mwaka huo kampuni ya Apple nayo ilikiri kwamba baadhi ya MacBook Pro zenye kadi ya 8600M GT zilikuwa zimeguswa.

Hapo ndipo msomaji aelewe ile dawa ya mafundi ya kuichemsha chipu kwa hewa ya moto. Moto huo huweza kuvishikanisha tena viunganishi kwa muda, mashine ikawaka wiki chache, kisha ikarudi kaburini. Ukiuziwa laptopu ambayo muuzaji anasema "ilitengenezwa kidogo upande wa kadi", elewa kwamba unanunua siku, hununui miaka.

Jina moja, kasi mbili

Kwa wanaonunua mzigo Dar es Salaam au Kigoma na kuuvusha, hili ndilo la kushika zaidi: jina la kadi halitoshi kueleza kasi yake.

Mwaka 2018 ilibainika kwamba kadi iliyouzwa kwa jina la GeForce MX150 ilikuwa ya aina mbili. Ya kwanza ilipewa umeme wa wati 25 na kasi ya msingi ya megahezi 1,469 hivi. Ya pili, iliyotiwa kwenye laptopu nyembamba, ilipewa wati 10 na megahezi 937 tu. Jina moja, stika moja, bei zinazokaribiana, lakini moja imeachwa nyuma kwa zaidi ya theluthi.

Mambo hayakwishia hapo. RTX 3060 ya laptopu, iliyotoka mwaka 2021, huweza kupewa wati 60 au hadi 115, kutegemea aliyeunda mashine. RTX 4060 ya mwaka 2023 ni kati ya wati 35 na 115. Mteja wa Muyinga anayelalamika kwamba laptopu yake "haina nguvu kama ya fulani" huenda hajatapeliwa na mtu, ila ana kadi ile ile iliyonyimwa umeme. Na hapo kuongeza megahezi hakusaidii sana, kwa sababu kadi ikifika kikomo cha wati inapunguza kasi yenyewe.

Programu ndogo ya bure iitwayo GPU-Z huonyesha kasi halisi ya kadi. Iweke kwenye flashi yako, na umwombe muuzaji uifungue kabla ya kulipa.

Kumbuka pia kwamba laptopu nyingi za ofisini zinazoingia kama mitumba, kama HP EliteBook, Dell Latitude na Lenovo ThinkPad, mara nyingi hazina kadi ya kujitegemea. Picha huchorwa na prosesa yenyewe. Anayekwambia atakuongezea kasi ya kadi kwenye mashine ya namna hiyo, muulize kwanza: kadi ipi?

Jingine la kuangalia ni historia. Mwaka 2021 baadhi ya watu nje walizitumia laptopu za RTX 30 kuchimba sarafu ya mtandaoni ya Ethereum, usiku na mchana. Uchimbaji wa sarafu hiyo ulikoma Septemba 2022, na mashine zilizofanya kazi hiyo hazikuandikwa usoni. Kabla ya kulipa, iendeshe laptopu kwa kazi nzito kwa dakika 15, sikiliza feni, tazama kioo kama kina vidoadoa. Muuzaji asiyekubali dakika 15 ana sababu yake.

Na mpakani usijidanganye. Hati rahisi ya uasili ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, inayowasaidia wafanyabiashara wadogo wenye mzigo usiozidi dola 2,000, ni kwa bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya. Laptopu iliyotoka China haimo. Ushuru wa pamoja wa forodha umeziwekea kompyuta asilimia sifuri, lakini hilo halifuti malipo mengine. Beba risiti.

Hesabu ya faida

Tufanye hesabu ya dukani. Kuongeza kasi kwa uangalifu kwenye laptopu mara nyingi huleta asilimia 5 hadi 10 hivi. Gemu lililokuwa likionyesha picha 40 kwa sekunde litaonyesha 44. Jicho la mchezaji halitaona tofauti kubwa.

Kwa mhariri wa video, tuseme kazi ya kutoa filamu ilikuwa inachukua saa moja, na tuseme yote inafanywa na kadi, jambo ambalo ni nadra kwa kuwa sehemu kubwa mara nyingi hubebwa na prosesa. Kasi ikipanda kwa asilimia 10, saa hiyo inakuwa dakika 54 na nusu. Umeokoa dakika tano na nusu. Ukiwa na filamu ya ngoma za Gishora au ya harusi ya kesho, dakika tano na nusu zinastahili kuwekewa rehani mashine nzima?

Umeme ukikatika, hesabu inazidi kuharibika. Laptopu inapotegemea betri hujipunguzia nguvu yenyewe, na ovakloki yako yote inakuwa hadithi.

Kama ni lazima ujaribu

Wapo watakaosema mashine ni yao na wanataka kujaribu. Haki yao. Basi wafuate utaratibu.

Kwanza, hamisha kazi zote za wateja kwenye diski nyingine. Si kesho, sasa hivi. Pili, safisha mashine kabla ya kugusa kasi. Tatu, tumia programu inayofahamika. MSI Afterburner ni ya bure na hukubali kadi za kampuni nyingi, lakini ichukue kwa mwenyewe. Mei 2021 MSI ilionya kwamba kuna tovuti bandia iliyokuwa ikigawa programu yenye virusi kwa jina hilo. Flashi ya kuazima kwenye kafe ya intaneti si mahali pa kuichukulia.

Nne, panda kwa megahezi 10 hadi 25 kila mara, kisha fanya kazi nzito kwa dakika 15 ukitazama joto. Likikaribia nyuzi joto 85, simama. Kadi nyingi za laptopu hujipunguzia kasi zenyewe zikifika karibu na 87, hivyo kupita hapo ni kulipia kasi usiyoipata. Tano, ukiona vijisanduku, nyota au mistari kwenye kioo, rudi ngazi mbili nyuma, usibishane. Sita, usiiambie programu ianze na mpangilio mpya kila unapowasha mashine mpaka umeujaribu kwa siku kadhaa. Ikikwama, utaizima na kuiwasha ikiwa salama.

Na la saba: usikubali mtu akubadilishie bayosi ya kadi ili kuongeza volti. Umeme ukikatika katikati ya kazi hiyo, na mji gani kwetu haukatiki, unaweza kubaki na kipande cha plastiki.

Njia zenye manufaa zaidi

Ukiniuliza mimi niliyeungua, nitakwambia kasi nyingi iliyopotea haiko kwenye megahezi. Iko kwenye vumbi. Laptopu iliyozibwa hujipunguzia mwendo ili isiungue, na mwenyewe anadhani imezeeka. Izime, ichomoe chaja na betri, fungua kifuniko, zuia feni kwa kidole isizunguke, kisha toa vumbi kwa brashi laini. Kama mashine ina miaka mitatu au minne, mwombe fundi abadilishe pesti ya kupozea iliyo kati ya chipu na shaba. Ikikauka inakuwa kama ukoko, haipitishi joto.

Pili, memori. Kwenye mashine zisizo na kadi ya kujitegemea, kuwa na vijiti viwili vya memori vinavyofanana badala ya kimoja huweza kuongeza kasi ya picha kuliko ovakloki yoyote, kwa sababu njia ya kupitisha data inakuwa mbili.

Tatu, chaja. Laptopu iliyokuja na chaja ya wati 130 ukiitilia ya wati 65 kwa kuwa kichwa kimeingia, itawaka lakini itajivuta. Wengi waliolalamikia kadi walitakiwa kulalamikia chaja. Ukitoka Tanzania kumbuka pia kwamba plagi yako ya pini tatu bapa haiingii kwenye soketi za Burundi, ambazo ni za matundu mawili ya duara. Volti hazina shida, chaja nyingi hupokea kuanzia 100 hadi 240. Shida ni adapta legelege inayocheza na kutoa cheche. Nunua nzuri, au badilisha waya wa chaja.

Nne, na hili huwashangaza wengi, ni kupunguza volti badala ya kuongeza kasi. Kwenye kadi za NVIDIA za kuanzia mfululizo wa GTX 10 wa mwaka 2016, programu ile ile ya Afterburner huweza kuiagiza kadi ibaki na kasi yake kwa volti pungufu, mradi mtengenezaji wa laptopu hakuufunga mlango huo. Volti zikishuka kwa asilimia 10, umeme unaoliwa hupungua kwa karibu asilimia 19. Mashine inapoa, feni inanyamaza, na kwa kuwa haichemki tena, haijipunguzii mwendo. Mara nyingi inamaliza kazi mapema kuliko ile iliyosukumwa. Ikikosea hesabu, itakwama tu na utaiwasha upya, haiungui.

Gitega umekuwa mji mkuu wa kisiasa tangu mwaka 2019. Muyinga, iliyoingia katika mkoa mpya wa Buhumuza mwaka 2025, imebaki lango la wanaotoka Ngara. Tangu Septemba 2017 Warundi zaidi ya laki mbili wamerejea kwao, wengi wao kutoka Tanzania. Miongoni mwao wamo vijana wenye ujuzi wa kompyuta na mashine moja tu ya kuanzia maisha.

Kwa kijana huyo, neno langu ni fupi. Safisha, poza, hifadhi nakala za kazi za watu, halafu ndipo ufikirie mbio. Wahenga walisema haraka haraka haina baraka. Fundi wangu wa Gitega hakuisema methali hiyo siku ile. Alinirudishia laptopu yangu iliyokufa, akaongeza kimfuko cha vumbi alilolitoa ndani yake, akaniambia nikaliweke mahali nitakapoliona kila siku.

Bado ninalo.